MAMA WA KAZI YA USIKU NA NGUVU YA MWILI WAKE

Maneno yaliyosemwa kwa mama wa siku ya kilo, kartie ya Mapendo, Goma

Wenye mimba wakae mbele, kwenye kivuli. Wenye watoto mugongoni wawashushe, mugongo upumzike kidogo. Na wewe mama ambaye haukufika leo, ukipata karatasi hii mikononi mwa jirani, uisome pole pole, ao umuombe mutoto wa shule akusomee.

Leo sitasema juu ya chanjo wala juu ya uji wa masosoma. Hayo mulisikia, na mutasikia tena. Leo nitasema juu ya usingizi. Najua mumoja wenu ataanza kucheka: "Muganga, hata kulala kunafundishwa?" Ndiyo mama, kunafundishwa. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi hii, na ninaona wanamuke wengi wenye kupoteza nguvu ya mwili, wenye kutafuta dawa ya nguvu mu farmasi na ku soko, na dawa yenyewe iko ku kitanda chao.

Nianze na mama mumoja. Sitamutaja jina, hata kama anasikia. Alikuja kupimisha mutoto wa miezi mitano. Mutoto alikuwa muzuri, kilo zake zinapanda. Lakini mama aliniambia hivi: "Mbele ya kuzaa nilikuwa ninabeba bidoni ya lita 20 toka robine mpaka nyumbani bila kusimama. Sasa ninasimama mara tatu. Ninakula, ninabeba kila siku, lakini nguvu hairudi. Ni ugonjwa gani?"

Tulimupima damu. Damu ilikuwa sawa. Malaria haikuwa. Ndipo nikamuuliza: "Mama, unalala masaa ngapi?" Akanyamaza. Kumbe anafanya kazi mahali pa kuoka mikate, tangu saa tatu ya usiku mpaka saa kumi na moja ya asubuhi. Akitoka huko anabeba mikate kwenda kuuza. Anafika nyumbani saa nne, anakuta vyombo, nguo za mutoto, maji hayapo. Tulihesabu pamoja ku vidole: masaa matatu na nusu kwa siku, tena yamekatwa vipande vine. Nikamwambia, mama, hauna ugonjwa. Una deni.

Deni hilo munalo wengi. Hapa Mapendo na Birere watu wengi wanakula kwa jasho la usiku. Kuna mama wenye kufanya gardi mu maternite. Kuna wenye kuchoma nyama ku kona ya barabara mpaka watu wa mwisho wapite. Kuna wenye kuamuka saa tisa ya usiku juu ya kupika maandazi. Kuna wenye kutoka nyumbani na giza ili wafike kwa wakati ku Petite Barrière na muzigo wao, na wenye kungojea mitumbwi ya sambaza ku Kituku. Kisha kuna kazi ya usiku isiyo na mushahara, ile ya kunyonyesha, na hiyo karibu kila mama hapa anaifanya. Mu vitabu kazi za kupokezana usiku na muchana zinaitwa kazi za zamu. Kwetu zamu ni yule mulinzi wa ku mulango, na yeye pia halali. Neno linafaa pande zote mbili.

Sasa tuulize: usingizi unaingia wapi mu habari ya nguvu?

Watu wengi wanafikiri nguvu inaingia mwilini wakati wa kubeba. Ukibeba sana, unakuwa na nguvu sana. Haiko hivyo. Ukibeba muzigo muzito kuliko ule uliozoea, nyuzi ndogo ndogo za nyama ya mwili, tunayoiita misuli, zinachoka na nyingine zinapasuka kidogo. Njo maana kesho yake unasikia maumivu mu mapaja na mu mabega. Hiyo si vibaya. Mwili unapata habari kwamba nyama hii haitoshi, inafaa kujengwa zaidi. Lakini kujenga kwenyewe kunafanyika nyuma ya kazi, ukiwa umekula na umelala. Munaona fundi mwenye kujenga ukuta na mawe ya volkano. Anapanga mawe, anaweka simenti, kisha anaacha ikauke. Ukija kuegemea ukuta mbele ya simenti kukauka, unaanguka nao. Kubeba ni mawe. Chakula ni simenti. Usingizi ni kule kukauka.

Mu usingizi mwili unatoa homoni ya kukuza, ile ile yenye kukuza mutoto. Kwa mutu mukubwa inatengeneza nyama na mifupa. Sehemu kubwa inatoka mu usingizi muzito wa kwanza, ule wa masaa ya mwanzo, wakati hata mutu akikuita hausikii. Mama mwenye kuamushwa kila nusu saa hafiki chini ya usingizi ule. Analala juu juu, sawa mutumbwi wenye kukaa ku pwani.

Waganga wamepima jambo hili. Mwaka wa 2021 huko Australia walichukua vijana 13, wanaume na wanawake, wakawazuia kulala usiku mumoja tu. Kesho yake kazi ya mwili ya kujenga misuli ilikuwa imeshuka kwa asilimia 18, na homoni ya wasiwasi yenye kuvunja nyama ya mwili ilikuwa imepanda kwa asilimia 21. Usiku mumoja, mama. Na mwaka wa 2010 huko Chicago walipima watu wenye uzito mwingi, wenye kula chakula kidogo ili wapungue. Wiki mbili walikaa ku kitanda masaa 8 na nusu kila usiku, wiki mbili nyingine masaa 5 na nusu, chakula kikiwa kile kile. Walipolala kidogo, mafuta ya mwili yalipungua kidogo, na nyama yenyewe ilipungua zaidi. Sisi hatuko watu wa kupunguza chakula kwa kupenda. Lakini kuna mwezi chakula kinapungua chenyewe mu nyumba, munajua. Mama akikosa chakula na akikosa usingizi pamoja, mwili wake unakula mikono na miguu yake mwenyewe.

Tena mwili una saa yake ndani, na saa hiyo inafuata nuru ya jua. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata zawadi ya Nobel mwaka wa 2017 kwa kuonyesha namna saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya mwili. Kwetu inatosha kujua hivi: usingizi wa muchana ni mufupi na mwepesi kuliko wa usiku, hata mutu akiwa amechoka sana. Mwenye kufanya kazi usiku anafikiri atalipa deni lote muchana. Halipi lote. Na ile saa kati ya saa tisa na saa kumi na moja, karibu na asubuhi, njo saa mwili uko chini kabisa. Muguu unateleza, mukono unaachilia. Mutu mwenye kukosa usingizi bado anaweza kuinua muzigo muzito mara moja na kusema "nguvu ninayo." Ni kweli, mara moja anaweza. Lakini mara ya tano, mara ya kumi, mara ya kupanda ku mawe yetu haya meusi, hapo ndipo anaanguka.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa aibu. Nyuma ya mutoto wangu wa pili nilirudi ku gardi ya usiku, mahali ambapo walitupangia usiku saba kwa mufululizo. Nilikuwa nimejisikia mulaini, tumbo limelegea, mugongo unauma. Nikasema nitafanya mazoezi. Kila asubuhi nikitoka ku kazi, mbele ya kulala, nilibeba bidoni mbili nikizunguka nyumba, nikainama na kusimama mara makumi tatu. Miezi mitatu. Sikupata kitu! Mugongo uliuma zaidi. Nilifikiri ni chakula, nikaongeza maharagi. Nilifikiri ni miaka, nikalia. Siku moja niliketi ku kiti na mutoto kifuani ili anyonye, nikaamuka mutoto akiwa amefika ku magoti, kichwa chini. Hakuanguka, Mungu alitusaidia. Lakini tangu siku ile niliacha kuhesabu bidoni, nikaanza kuhesabu masaa ya kulala. Nilipofikisha masaa sita, kisha saba, bila kuongeza zoezi hata moja, nguvu ilianza kurudi. Zoezi lilikuwa sawa. Nililifanya tu wakati simenti haijakauka.

Njo maana ninasema kwanza juu ya nyumba, kisha nitasema juu ya bidoni.

Hapa ku ziwa Kivu tuna wavuvi wa sambaza. Sambaza wenyewe waliletwa toka ziwa Tanganyika karibu na mwaka wa 1959. Wavuvi wanatoka jioni na taa zao, kwa sababu sambaza wanafuata nuru usiku, na wanarudi asubuhi. Muvuvi akifika nyumbani, analala. Muke wake anafunga mulango, anafukuza watoto waende kucheza mbali: "Baba amelala!" Hakuna mutu mwenye kumuita muvivu. Zamu naye akitoka ku kazi analala, ni vile vile. Lakini mama akitoka ku kazi ya usiku anapewa ufagio. Akilala saa tatu ya asubuhi, jirani anapita ku dirisha na kuuliza kama ni mugonjwa, ao kama ni muvivu. Mukwe wake anakohoa kwa nguvu ku veranda. Na mama mwenyewe, kwa kuogopa maneno, anaamuka. Mimi ninasema wazi: hii ni mbaya, na sisi wanamuke ndio tunaifanya kwa wanamuke. Mama mwenye kutoka ku kazi ya usiku anadai usingizi sawa vile muvuvi anaudai.

Basi ufanye hivi. Mukae na bwana, na koko kama yuko, na yaya mukubwa wa watoto, mupange masaa. Si kuomba huruma, ni kupanga kazi. Ukitoka ku kazi, unyonyeshe mutoto, ule kitu chepesi, ulale mara moja, mbele ya kufua na mbele ya soko. Usianze kitu "kidogo tu", kwa sababu kitu kidogo kinazaa kingine mpaka saa sita. Ulale masaa manne ao matano ya mufululizo. Mu masaa hayo mutu mwingine ashike mutoto, amulete tu kama anataka kunyonya, kisha amuchukue tena. Alasiri, mbele ya kurudi ku kazi, ulale tena saa moja na nusu ao mawili. Masaa ya mufululizo na yale ya alasiri yakiungana yanafika karibu sita ao saba. Haiko mingi kama ya mama wa muchana, lakini mwili unaweza kujenga nayo.

Dirisha lifungwe na kikwembe cheusi ao kizito, kwa sababu nuru inaamusha ile saa ya ndani. Njiani kurudi nyumbani uvae kitambaa ama kofia, usitembee na jua mu macho. Ulale chini ya musikitere hata kama ni muchana. Na ukiwa ku kazi ya usiku nje, ufunike mikono na miguu, kwa sababu mbu wa malaria anauma usiku, na wewe usiku hauko mu musikitere.

Kahawa yetu ya Kivu ni nzuri, sikatazi. Lakini unywe mwanzo wa kazi, si mwisho. Masaa matano nyuma ya kunywa, karibu nusu ya nguvu yake bado iko mu damu. Mama mwenye kunywa kikombe saa tisa ya usiku, asubuhi anafunga macho na moyo unapiga. Tena inapita kidogo mu maziwa, na mutoto muchanga mwili wake unachukua siku nyingi kuitoa. Chai kali ni vile vile.

Kama mutoto bado muchanga na unaacha nyumba usiku, ukamue maziwa uyaache mu kikombe safi chenye kifuniko. Nje ya frigo yanakaa masaa 4. Wampe kwa kikombe, si kwa biberon. Ukirudi, umunyonyeshe mara nyingi, na usiku usio na kazi umulaze karibu, kwa sababu homoni yenye kutengeneza maziwa inapanda zaidi usiku. Wenye kutegemea kunyonyesha ili wasipate mimba upesi wasikie vizuri: njia hiyo inasimama tu kama mutoto hajafikisha miezi sita, siku zako hazijarudi, na ananyonya muchana na usiku bila kukaa masaa mengi. Ukikaa usiku muzima ku kazi, usiitegemee. Uje tuzungumuze peke yetu, si hapa mbele ya watu.

Na usilale na mutoto ku kiti. Nimewaambia kwa nini. Ukisikia usingizi unakushika wakati wa kunyonyesha, umupe mutoto mutu mwingine, ao umulaze chali mahali pake, hata akilia kidogo. Kilio hakivunji shingo.

Sasa bidoni. Kwa nini ninataka mama awe na nguvu? Kuna mwenye kusema nguvu ni habari ya vijana wenye kukimbia asubuhi na kuinua vyuma. Mimi ninakumbuka mwaka wa 2021. Nyiragongo ilipasuka jioni ya tarehe 22 Mei. Kisha ardhi ilitetemeka siku nyingi, usiku na muchana, na watu walilala nje, ao hawakulala. Tarehe 27 Mei asubuhi gavana alitangaza kwamba kartie 10 zihame, na Mapendo ilikuwa mu hesabu. Wengi walikwenda njia ya Sake, zaidi ya kilometa 20, na wengi kwa miguu. Ni nani aliyebeba? Mutoto mugongoni, godoro ku kichwa, mutoto mwingine ku mukono, bidoni. Na walikuwa wamekosa usingizi usiku tano. Wengine wenu mulikuwemo. Mulifika kwa nguvu iliyojengwa zamani, mu siku za kulala vizuri, na siku ile hakuna aliyeweza kuijenga njiani. Januari 2025, vita ilipoingia mu muji, ilikuwa vile vile.

Kwa hiyo tujenge wakati kuna utulivu. Haufai kununua kitu. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi bidoni ni mizani yako. Uwe na bidoni ya lita 5, na baadaye ya lita 10.

Wiki za kwanza nyuma ya kuzaa, hakuna bidoni. Utembee polepole, na ukaze nyama za chini, kama mutu mwenye kuzuia mukojo, uhesabu mpaka tano, ulegeze, mara kumi, asubuhi na jioni. Hii unaweza kuifanya hata hapa ukinisikiliza, hakuna atakayejua. Nyuma ya wiki sita, kama damu imekauka na unajisikia vizuri, uanze. Ukae ku kiti na kusimama bila kushika kitu, mara nane. Usukume ukuta na mikono miwili, mara nane. Uinue bidoni ya lita 5 toka chini mpaka kiunoni, magoti yakiinama na mugongo ukiwa sawa, ukitoa pumzi wakati wa kuinua na kukaza zile nyama za chini. Mara nane. Upumzike, urudie. Siku mbili ao tatu kwa wiki, na kati yake siku moja ya kuacha. Mama aliyepasuliwa asiinue kitu kizito kuliko mutoto wake mpaka tumeona kidonda na wiki sita zimepita.

Na wakati gani? Nyuma ya usingizi, mama, si mbele yake. Mwenye kutoka ku kazi ya usiku asifanye zoezi asubuhi ile kama nilivyofanya mimi. Alale, ale, kisha afanye alasiri, wakati mwili uko na joto na nguvu.

Utaongeza maji lini? Ukifikisha mara kumi na mbili bila kutetemeka, siku mbili za zoezi, na wiki ile umelala angalau masaa sita kila siku, uongeze lita mbili. Kama wiki ni ya usiku, na usingizi haukufika, usiongeze. Ubakie pale pale, ao upunguze nusu. Usiache kabisa, kwa sababu kuacha kunapoteza, lakini usishindane. Mama mwenye kupanda wiki mbili za muchana na kusimama wiki moja ya usiku, nyuma ya miezi sita atakuwa juu kuliko yule mwenye kulazimisha kila siku. Yule mama wa mikate nilimupa njia hii. Alihesabu kwa kukata alama ku mulango wa jikoni. Alianza na lita 5 mwezi wa tatu. Mwezi wa nane alinipita hapa ku mulango na bidoni ya lita 20, hakusimama, hata kunisalimia alisalimia akitembea. Mikate bado anaoka. Kilichobadilika ni kwamba mukwe wake anashika mutoto tangu saa moja mpaka saa sita, na mikate ya asubuhi inauzwa na mudogo wake.

Chakula, nitapita upesi: maharagi, sambaza hata kidogo, soya mu uji, lengalenga na sombe. Ule mbele ya kazi ya usiku, na kitu kidogo katikati. Usingoje saa tisa ya usiku kujaza tumbo na bugali, utalala ukisimama.

Lakini musikie: si kila uchovu ni usingizi. Ukilala vizuri wiki mbili na bado unapumua kwa shida kupanda kilima, viganja vimekuwa vyeupe, moyo unapiga mbio, uje tupime damu. Pengine ni upungufu wa damu, na dawa zake tunazo. Ukisikia kitu kinashuka chini, kama kizazi kinataka kutoka, ao mukojo unatoka ukikohoa ao ukiinua muzigo, uache mizigo mizito na uje. Usione haya. Wanamuke wengi wanaficha jambo hili miaka kumi, na lilikuwa la kutunzwa mapema. Homa, damu nyingi, kidonda chenye usaha, uje siku ile ile. Na mama mwenye kukosa usingizi hata mutoto akiwa amelala na nyumba ikiwa kimya, mwenye kulia bila sababu, mwenye kuwaza kwamba afadhali asiamuke, huyo asiambiwe "jikaze". Aletwe.

Karatasi hii muipeleke nyumbani. Musomee bwana ile sehemu ya muvuvi, mbele ya chakula cha jioni, si nyuma, kwa sababu nyuma atakuwa amelala.

Siku ya kilo ya mwezi ujao kila mumoja aniambie masaa yake ya kulala, nitayaandika pembeni ya kilo za mutoto, ku karte ile ile. Sasa tuanze kupima. Najua mustari uko murefu na kuna waliofika mbele. Lakini wale waliotoka ku kazi usiku huu, wainue mukono. Sita, saba. Ninyi mupite wa kwanza, kisha muende mulale.